Ushauri: Nataka mtaa wetu utoke kutembea na kuendesha baiskeli kipupwe hiki, lakini watu wanarudi nyuma

Bint Chumbageni (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha mazoezi mtaani kwetu, hapa Tanga mjini. Tangu masika yaishe tumekuwa tukiwatoa watu ndani Jumamosi asubuhi: watu wazima wanatembea hadi Raskazone na kurudi, vijana na watoto wanakwenda kwa baiskeli. Kipupwe ndicho chenyewe kwa mambo haya. Ukingoja kaskazi irudi, saa mbili asubuhi tu nguo imeshashika mgongoni, nani atatoka?

Mtaani kwetu presha na sukari vimeingia karibu kila nyumba. Baiskeli zipo, zimeegemezwa ukutani zinaota kutu, kwa sababu bodaboda inakufuata mpaka mlangoni.

Mwanzo walijitokeza wengi. Sasa wazazi wanawazuia watoto, na mtoto asipokuja mama naye haji. Mwenyekiti wa mtaa ananiambia nitulie kwanza. Tumeshatangaza safari ya baiskeli kwenda Mapango ya Amboni na sitaki ife. Niwahamasishe vipi?

Mzee wa Stesheni
Binti yangu, zamani hatukuhamasishana. Nilikuwa reli, na asubuhi zamu zikibadilishana unasikia kengele za baiskeli Ngamiani nzima. Phoenix moja inabeba familia: mke kwenye keria amekaa upande, mtoto mbele kwenye fremu, kapu la mihogo kwenye usukani. Leo kijana mwenye miguu yake miwili anapanda bajaji kutoka Barabara ya 8 kwenda ya 12! Mimi bado natembea hadi Uhuru Park kila jioni, magoti yangu hayajawahi kuniangusha.

Abu Swafiya
Wazo zuri, mazoezi ni afya. Ila dada yangu, angalia na stara. Wanawake na wanaume kuchanganyika asubuhi ile barabarani, tena juu ya baiskeli, si jambo la kuachwa hivi hivi.

Mama Makorora
Shekhe, Tanga hii wanawake wanaendesha baiskeli na mabaibui yao tangu bibi zetu. Bibi yangu alikuwa anakunja pindo la baibui, analibana na pini ya kangani, huyo mpaka shamba Pongwe. Stara haikumzuia kukanyaga pedeli. Tumjibu mleta uzi.

Nesi wa Zamu
Nasisitiza hoja ya sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Si lazima ufike Amboni. Mgonjwa wa presha asianze kwa pupa, na anayetumia dawa za sukari asitoke bila kitu tumboni. Beba hata ndizi mbili.

Fundi Spoku
Mnajibu yote isipokuwa moja. Dada, wazazi wa Tanga hawamkatazi mtoto baiskeli bure. Kimetokea nini?

Bint Chumbageni
Hakuna kikubwa, kaka. Maneno ya mtaani tu, unawajua watu. Nilichotaka ni mbinu za uhamasishaji.

Fundi Spoku
Narudia. Mlipita njia gani, na mliondoka saa ngapi?

Bint Chumbageni
Njia ya Horohoro, tulikuwa tunaijaribu ile safari. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu, watu wakitoka msikitini.

Sawa, niseme. Lori lilitupita karibu, kijana mmoja akaingia mtaroni. Lori halikumgusa. Alichubuka goti na kiganja, akasafishwa vidonda siku ile ile, sasa mzima anacheza mpira. Lakini habari ilivyozunguka, ikifika kwa jirani wa tatu mtoto ameshavunjika mguu.

Na kabla hamjanishukia: muda ule una sababu. Vijana wengine wanafungua vibanda saa mbili, watoto wana madrasa. Tukichelewa kutoka, hatuna kikundi. Halafu jezi zimeshalipiwa nusu kwa michango ya watu na fundi ameshakata kitambaa, kwa hiyo kuahirisha Amboni si rahisi kama mnavyodhani.

Mama Makorora
Kumbe! Lori unalitaja mwisho, jezi ndizo zinazokusumbua?

Jicho la Pweza
Wakuu mbona mnameza tu? Uzi umeanza na kipupwe, ikaja presha, likaja lori, sasa michango ya jezi. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Subirini kidogo mtaona namba ya kutumia hela. Au kuna mtu anajipitishapitisha kwa ajili ya udiwani.

Kijana wa Duga
Nami nilishtuka. Mtoto kaanguka, mleta uzi anauliza "niwahamasishe vipi". Mtu wa kweli haandiki hivyo. Mkuu Pweza leta vitafunwa, chai ipo.

Abu Swafiya
Tusidhaniane vibaya. Ila ni kweli hakutaja mtoto mpaka alipobanwa.

Bint Chumbageni
Sijaomba hela ya mtu humu na siombi. Michango iko kwa mweka hazina, ina daftari, na mwenyekiti wa mtaa ameliona.

Kuhusu chai: baiskeli ya yule kijana niliipeleka mwenyewe kwa fundi karibu na soko la Mgandini. Ringi la mbele lilikuwa limepinda, spoku tatu zimekatika. Fundi aliigeuza baiskeli miguu juu, akatia spoku mpya, akashika kipande cha chaki karibu na ringi huku analizungusha. Chaki ikiacha alama, analegeza spoku za upande ule kidogo na kukaza za upande wa pili, anafuta, anazungusha tena. Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Kama ningetaka kutunga, ningetunga kitu kifupi.

Fundi Spoku
Huyu amekaa kwa fundi, hiyo ya chaki hutaiotea. Pweza, baiskeli ipo na mtaro upo.

Sasa dada, nisikilize. Mwezi huu wa saba jua la Tanga linachomoza saa kumi na mbili na nusu imepita. Saa kumi na moja na nusu ni giza, tena njia ya Horohoro ni ya malori ya kwenda mpakani. Dereva amekesha, mbele yake watoto hawana taa. Ninyi mnamwona yeye, yeye hawaoni ninyi. Hapo hakuna cha kuhamasisha, ni suala la saa.

La pili hakuna aliyeligusa: upepo. Sasa hivi ni kusi. Ukienda Amboni unakwenda kaskazini, upepo uko mgongoni, watoto wanacheka njia nzima, kila mtu anajiona bingwa. Kurudi ndipo unapowapiga kifuani, na kusi huongeza nguvu jua likipanda. Mtoto amechoka, anakanyaga amesimama, baiskeli inayumba kulia na kushoto. Akiyumba kuelekea barabarani, je? Kama ni mazoezi ya watoto, anzeni kwa kuukabili upepo wakiwa na nguvu, mrudi nao.

Niko Ufini
Nimezaliwa Nguvumali, sasa naishi Kemi, ambao ni mji dada wa Tanga, kwa wasiojua. Huku Januari jua linatoka saa chache tu kisha kweusi. Bahari inaganda, watu wanatembea juu yake na watoto. Mwaka wa kwanza sikutoka nje, nilikaa nalia na kunenepa. Jirani yangu bibi mtu mzima akaja kunigongea mlango, akanipa fimbo zake za kutembelea, tukawa tunatoka wote. Njia za kuteleza kwa skii zina taa kama barabara za mjini. Oulu, kusini ya hapa, theluji ya kwenye njia za baiskeli inasafishwa mapema na wanafunzi wanakwenda shule kwa baiskeli katika baridi hiyo.

Lakini hawatoki bila rifleta. Sheria ya huku inamtaka hata anayetembea kwa miguu gizani avae kitu kinachorudisha mwanga. Ya watoto inaning'inia kwenye koti. Dada, hizo jezi ni rangi gani?

Bint Chumbageni
Bluu iliyokolea, rangi ya bahari. Tuliichagua kwa kura.

Niko Ufini
Bluu iliyokolea gizani haionekani kabisa. Mwambie fundi ashone utepe wa rifleta mgongoni na mikononi kabla hajamaliza. Mtoto kwanza.

Jicho la Pweza
Haya, chai nimeirudisha jikoni. Lakini daftari la michango mlibandike mahali watu waone.

Bint Chumbageni
Daftari litabandikwa kwa mjumbe, hilo nakubali. Utepe pia nitauliza bei.

Amboni siifuti. Kuna watoto mtaani kwetu wamezaliwa hapa hapa, wageni wanatoka Ulaya kuja kuona yale mapango, wao hawajafika hapo Kiomoni yaliko, hata kwa miguu. Ninaweza kuisogeza muda iwe baada ya saa moja. Wenye vibanda wakishindwa, basi.

Mama Makorora
Wadogo wapandishe daladala na mzazi mmoja, wakutane nanyi mapangoni. Wa kidato cha tatu kwenda juu ndio waendeshe, mmoja nyuma ya mwenzake, mtu mzima mbele na mtu mzima mwisho. Wadogo baiskeli yao iwe Raskazone.

Na mama wa yule kijana, umemwendea?

Bint Chumbageni
Nilimpigia simu siku ile ile. Baiskeli nimelipia mimi.

Mama Makorora
Simu si kumwendea, mwanangu. Baiskeli imepona, roho yake je? Nenda na mwenyekiti, ukae kwake, akuseme mpaka amalize. Yule mama akisema barazani "nimeridhika", wenzake watawatoa watoto bila tangazo. Asiposema, hata jezi ziwe za dhahabu.

Mzee wa Stesheni
Hapo umepiga penyewe, bibie.

Bint Chumbageni
Nilikuwa naona nikienda itaonekana kikundi ndicho chenye kosa.

Abu Swafiya
Kumjulia hali mtoto wa mwenzio hakuhitaji kosa. Kama unaona uzito, mchukue na imamu wa hapo mtaani.

Bint Chumbageni
Basi Ijumaa alasiri nitakwenda, na mwenyekiti. Amboni nitaitangaza tarehe mpya baada ya hapo. Jumamosi hii ni Raskazone tu, saa moja kasorobo, waendao kwa miguu na baiskeli.

Fundi Spoku
Ijumaa hiyo hiyo jioni leteni baiskeli zote za watoto, nitakagua bure: breki, cheni, tairi. Isiyo na breki mbili haitoki Jumamosi, hata mwenyewe alie.

Kijana wa Duga
Yangu ina breki moja.

Fundi Spoku
Ilete.