Chokoleti ya minti ya krismasi: nichukue halisi au kompaundi?

bintijinja: Habari zenu humu. Krismasi hii nataka kutengeneza ile chokoleti bapa, nyeusi chini nyeupe juu, inanyunyiziwa switi za minti zilizopondwa halafu unaivunjavunja. Duka la vitu vya keki wana halisi na kompaundi, kompaundi ni kama nusu bei. Nichukue ipi? Nanunua Jumamosi.

mwalimu_wa_arua: Dada hujasema kitu bado. Kilo ngapi? Ya kula au ya kuuza? Friji unayo? Na italiwa wapi, maana Kabale si Arua, huku kwetu Desemba chokoleti inayeyuka ukiitazama tu.

bintijinja: Pole mwalimu 😅 kilo mbili hivi, zawadi za mashemeji, niko Jinja lakini nitapanda nayo basi mpaka Mbarara. Friji ipo, umeme ndio unakuja ukijisikia.

keki_na_mandazi: Basi kompaundi. Ile wameweka mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, unayeyusha, unamwaga, inaganda yenyewe. Halisi ina masharti: nyeusi iyeyuke mpaka digrii 45 hivi, ishuke 27 au 28, halafu uirudishe 31 au 32. Bila themomita unabahatisha, ukikosea inakuwa laini na inatoa madoa meupe.

Afande_Mstaafu: Kompaundi ni mshumaa wenye sukari. Inang'ang'ania kwenye kaakaa mpaka unywe chai. Shemeji akikuletea mshumaa utafurahi?

mama_pacha256: Afande ngoja nikusimulie. Mwaka jana nilijifanya mtu wa halisi, nikaweka bakuli juu ya sufuria ya maji moto, maji yakachemka mvuke ukaingia, chokoleti ikakaza ghafla ikawa kama udongo wa kufinyanga. Hiyo tukaongeza maziwa tukanywa. Nikanunua nyingine, ikaenda vizuri, nikaitia friji bado ina joto, usiku umeme ukakatika mpaka asubuhi, ikatoka jasho juu. Nikasema liwalo na liwe, nikaifunga nikampa mtu wa boda saa saba mchana, Bweyogerere mpaka Kyengera, na jam ile mnaijua. Mama mkwe akanipigia simu, "mwanangu asante, hii supu tunakula na nini?" Banange. Mpaka leo ananiita mpishi wa supu.

keki_na_mandazi: 😂😂 Bintijinja umesikia. Na usitie esensi ya maji, nayo inakazisha chokoleti vilevile. Tafuta mafuta ya minti ya kula, matone machache, ukizidisha ni dawa ya meno. Nyeupe imwage ile nyeusi ikiwa imeshika kidogo, ikiganda sana tabaka zinaachana ukivunja.

mwalimu_wa_arua: Halafu hizo tuseme peremende, si "switi za minti". Kiswahili kipo.

Afande_Mstaafu: Peremende ni switi yoyote mwalimu. Dar wao wanasema pipi.

mwalimu_wa_arua: Sasa neno lenyewe limetoka kwenye minti! Wewe ndiye umelipanua.

Afande_Mstaafu: Niite utakavyo. Kinachoniuma mimi, Bundibugyo kakao imejaa, inakwenda nje ikiwa mbegu, sisi tunanunua chokoleti iliyorudi kwa ndege.

mama_pacha256: Kuna watu wanatengeneza hapa hapa siku hizi Afande, bei ndio ya kwao.

bintijinja: Jamani basi la Mbarara? Nipande la usiku?

keki_na_mandazi: La usiku, ndiyo. Kopo lenye mfuniko wa kubana, switi zilizopondwa zikipata unyevu zinalia rangi nyekundu yote. Usiweke karibu na injini.

Afande_Mstaafu: Na awe amebeba ya kweli.

mwalimu_wa_arua: Bundibugyo mbegu mbichi kilo ni ngapi sasa? Nina shemeji huko.

mama_pacha256: Mwalimu nawe unataka kuanza supu?