Ukoo wa Bondeni: Rehema na safari ya kisiwa cha Mwali

Rehema: Assalam aleikum jamani. Nina neno. Ofisini nimechoka, na si uchovu wa kulala ukapona. Tangu asubuhi ni hati za makontena, simu za wenye mizigo, meli imechelewa, mfumo wa forodha umekwama. Likizo yangu yaja na safari hii sitaki iishie kufua mapazia. Nataka nitoke nje ya nchi wiki mbili tatu nikajitolee mahali. Mwanipa shauri gani?

Khalati Zuhura: Waaleikum salaam mwanangu. Kujitolea si kufanya kazi bure? Na kazi ndiyo unayoikimbia.

Rehema: Nataka kazi ya mikono, Khalati. Mwili uchoke, kichwa kipumue.

Ami Athmani: Likizo usiiombe kama sadaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yasema siku 21 za kazi kila mwaka, kwa malipo. Ila andika barua mapema, na usikate tiketi kabla hujapata jibu la maandishi.

Rehema: Shukran Ami. Nimeona nafasi Nepal, nyumba ya watoto yatima. Wiki mbili, unacheza nao na kuwafundisha Kiingereza.

Shangazi Mwanamisi: Rehema, hapo niache niseme, maana kazi ya watoto nimeifanya huku pwani miaka. Mtoto wa miaka mitatu amwona mgeni mlangoni, hamjui hata jina, amrukia na kumng'ang'ania shingo. Mgeni alia kwa furaha, apiga picha. Wiki mbili aenda zake, aja mwingine. Yule mtoto ameachwa mara ngapi kabla hajaanza shule? Na wengi wao si yatima, mzazi yuko hai, ni dhiki tu iliyowafikisha pale. Pesa za wageni zikizoeleka, kuna wenye nyumba wasiotaka watoto warudi kwao. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto 2017, na 2022 ikatolewa mipango ya miaka kumi ya kuwarudisha watoto kwenye familia. Tusilolitaka kwa watoto wetu tusiende kulifanya kwa watoto wa Nepal.

Rehema: Nimekuelewa Shangazi. La Nepal nimeliacha.

Mama Rehema: Alhamdulillahi.

Juma: Dada, kwani lazima iwe mbali? Mimi nilikwenda Mwali, Komoro, kile kisiwa kidogo Wafaransa wakiitacho Mohéli. Kuna kijiji chaitwa Itsamia, kasa wapanda pwani kutaga, na wenyeji wana chama chao cha kuwalinda. Hifadhi ya bahari ya kisiwa hicho iko tangu 2001.

Khalati Zuhura: Na wewe ulikuwa wafanya nini huko?

Juma: Usiku twafuata maji yakijaa. Hakuna tochi nyeupe, ni nyekundu tu, kasa akiona mwanga ageuka arudi baharini. Twakaa kimya mchangani mpaka achimbe shimo. Hapo ukimkaribia kwa nyuma hashtuki, mayai yaanguka mawili mawili, meupe, yametota ute. Yapita mia. Twampima gamba kwa utepe, twaandika daftarini. Machozi yamtoka, lakini si kilio, ni chumvi ya mwilini yatolewa pale machoni. Asubuhi twahesabu nyayo zake na kuzifuta zisihesabiwe tena. Baada ya hapo ni kuokota plastiki pwani, kuteka maji na kuosha sufuria. Kazi nyingi ni hiyo ya mwisho, nisikufiche.

Rehema: Hiyo hasa ndiyo niitakayo.

Mama Rehema: Usiku ufukweni, na watu gani? Atalala wapi?

Juma: Waweza kulala kwa familia, Mama mkubwa. Ni Waislamu kama sisi, adhana waisikia kitandani. Lugha yao ukitega sikio washika maneno mengi. Karatasi za ofisini ndizo za Kifaransa.

Khalati Zuhura: Na analipa?

Juma: Analipa chakula, malazi na yule wa kumwongoza. Wenyeji hawana cha kumlisha mgeni bure. La kuuliza ni pesa yafika kwa nani. Mtu wa kati aliyekaa Ulaya akitaka fungu kubwa, achana naye, waandikie watu wa kijiji wenyewe.

Ami Athmani: Ulizia na viza. Viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata ya bure. Hapo Tanzania tu, Mkenya huingia bila viza, lakini akienda kujitolea atakiwa kibali. Waandikie ubalozi wa Komoro wakujibu.

Shangazi Mwanamisi: Na sindano ya homa ya manjano siku kumi kabla ya safari. Ukiwa na kadi ya zamani iko sawa, siku hizi ni ya maisha. Dawa za malaria muulize daktari.

Rehema: Kadi ninayo. Juma, nitumie anwani ya chama. Barua ya likizo naiandika leo.

Mama Rehema: Kabla ya kumtumia mtu shilingi, Ijumaa baada ya swala njoo na Juma hapa nyumbani. Nina maswali yangu.

Juma: Tutafika, inshallah.