Naombeni ushauri: farasi mchanga anaruka mateke nikikaza mkanda wa tandiko

Kijana wa Zizi: Wakuu, habari zenu. Nina miaka 20, kazi yangu imeanzia zizini: kusafisha, kulisha, kutembeza, kisha kupanda farasi wakubwa waliokwisha kufunzwa. Huyu ni wa kwanza ninayemwanzisha mwenyewe. Anaongozwa vizuri, kwato zote nne anatoa, blanketi mgongoni halimsumbui. Ila nikiweka tandiko na kukaza mkanda wa tumbo anaganda kama gogo, hatua ya tatu anashusha kichwa, anakunja mgongo na kuruka mateke. Kuna aliyeniambia nimvishe lijamu kali (chuma cha mdomoni) na kumfunga kichwa kisishuke. Nifanye hivyo? Muda sina.

Mama Hatamu: Lijamu kali litaumiza mdomo, na tatizo haliko mdomoni. Ukifunga na kichwa, atasimama kwa miguu ya nyuma, na akianguka chali atalivunja tandiko na pengine na wewe.
Nina hakika unakaza mkanda mara moja mpaka mwisho. Rudi nyuma. Mvishe mkanda mtupu bila tandiko, ukaze mpaka vidole vitatu vipite kwa kubanwa kidogo, mtembeze hatua kumi, mgeuze upande wa pili, ndipo ukaze tundu moja. Tembeza tena. Tundu la tatu lije akiwa amepumua. Kuganda si kukubali: tazama mbavu, utaona hapumui, na mkia ameubana. Usimwache pia na mkanda mlegevu, maana tandiko likizunguka likaning'inia tumboni atatimka, na hofu ile huchukua miezi kuitoa.

Kwato Nne: Kabla ya mafunzo, maumivu. Pitisha vidole gumba pande zote za uti wa mgongo, kuanzia nyuma ya mabega hadi kiunoni, kwa mgandamizo ule ule. Akishusha mgongo au misuli ikirukaruka sehemu moja, hapo pana jambo. Angalia ngozi ya nyuma ya kiwiko, kama imechubuka au nywele zimekatika. Weka tandiko bila blanketi, pitisha kiganja chini ya sehemu ya mbele: kikikwama, linambana bega. Farasi anayenuna au kuuma akifungwa mkanda anaweza pia kuwa na vidonda vya tumbo, hasa kama anakaa saa nyingi bila majani. Umri wake?

Mzee wa Malisho: Vijana mnataka kupanda kabla ya kufundisha. Farasi hujifunza pale unapoachia, si pale unapobonyeza. Akisogeza kiuno hatua moja, mkono uondoke papo hapo. Ukichelewa hata sekunde chache, anaunganisha nafuu na jambo jingine alilokuwa akifanya. Fundisha kurudi nyuma, kusogeza kiuno, kukunja shingo kushoto na kulia kwa kamba iliyolegea. Hiyo ya mwisho ndiyo breki yako siku ukiwa juu.

Kwato Nne: Nauliza tena. Umri?

Kijana wa Zizi: Mwenye farasi anasema miaka minne. Mgongo nimeupapasa, hakuna kitu. Kwa umri ameiva, meno yake ya mbele ni meupe, madogo, yamelingana yote.

Daftari la Zizi: Basi uzi huu umetungwa. Farasi wa miaka minne hana kinywa hicho. Jozi ya katikati ya meno ya utoto hung'oka akiwa na miaka miwili na nusu hivi, jozi inayofuata mitatu na nusu, za pembeni minne na nusu. Wa miaka minne ana meno manne makubwa juu na manne chini, ya rangi ya krimu, na madogo yamebaki pembeni tu. Ama hujawahi kufungua mdomo wa farasi, ama huyo farasi hayupo.

Mama Hatamu: Au yupo na hajafika miaka miwili na nusu. Kijana, jibu.

Kijana wa Zizi: Yupo. Ana miaka miwili na miezi mitatu. Nimeshapokea nusu ya malipo, na mwenyewe anataka kumwona akipandwa mwisho wa mwezi. Wa mbio si wanaanza na miaka miwili? Na huyu ana mwili mkubwa.

Kwato Nne: Wanaanza, ndiyo, na mifupa inayokua huimarika kwa mwendo mfupi wa mstari ulionyooka. Kinachoharibu ni uzito wa muda mrefu, uchovu na duara dogo. Ukubwa wa mwili usikudanganye: sehemu mfupa unapokulia, zile za chini ya mguu hufunga mapema, za uti wa mgongo ndizo za mwisho, karibu miaka mitano na nusu au zaidi. Mpime: mzunguko wa kifua kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawanya kwa 11,880. Unapata kilo za kukisia.

Kijana wa Zizi: Kifua 165, urefu 150. Inakuja 344. Mimi nina 68, tandiko 12.

Kwato Nne: Kilo 80 ni zaidi ya asilimia 23. Kwa farasi mkubwa aliye na misuli, kikomo kinachotajwa sana ni 20. Kwa mtoto huyu nisingepita 15, yaani takriban kilo 51. Wewe si wa kumpanda sasa.

Daftari la Zizi: Nafuta niliyosema kuhusu kutunga. Mwambie mwenye farasi umri kwa kumwonyesha meno, na mpe kazi anayoweza kuiona: farasi anayeendeshwa kwa hatamu ndefu, wewe ukitembea nyuma pembeni, nje ya mateke. Kamba mbili za mita 8 hivi, dakika 10 hadi 15, mistari iliyonyooka na kona pana, siku tatu au nne kwa wiki. Asimame, aende, ageuke, arudi nyuma. Mchakamchaka uje baadaye na uwe mfupi.

Kijana wa Zizi: Pesa za watu nimeshakula, lakini nitaongea naye kesho. Hatamu ndefu nifunge kwenye lijamu?

Mama Hatamu: Kwenye halta, ile ya kichwani isiyo na chuma mdomoni, pete za pembeni. Lijamu lisubiri daktari wa meno akague jino la mbwa mwitu, lile dogo lililo mbele ya magego ya juu. Chuma kikiligonga atarusha kichwa, nawe utadhani ni ukaidi.