Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kazi, na wewe unamfundisha nani?

Wakuu, habari za kazi.

Kila mahali nilipofanya kazi nimesikia maneno yaleyale: vijana hawapendi kazi, wazee hawataki kuondoka. Mimi ni mhasibu. Nimekaa chini ya wazee, sasa nina vijana chini yangu, na siamini upande wowote. Ninachoamini ni kwamba ari hufa pale mtu anapogundua kuna jambo anafichwa. Kijana anafichwa ujuzi, mzee anafichwa hatima yake, kila mmoja anajikunyata kivyake, halafu tunasema ni tofauti ya rika.

Nianze mimi. Aliyenifundisha kazi alikuwa mtunza leja wa enzi za vitabu vya mkono. Urari, yaani jumla za debiti na krediti (pande mbili za leja), ukikataa kulingana, sisi wengine tulikuwa tunapitia ingizo moja moja hadi usiku. Yeye aliitazama ile tofauti tu, akasema, "Kuna aliyegeuza tarakimu," na kweli. Siku moja akaniita mezani kwake, akanionyesha: chukua tofauti, gawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku kwamba mtu ameandika 540 mahali pa 450. Tofauti ni 90. Isipogawanyika, chukua nusu yake uitafute, kwa sababu kiasi cha debiti kikiingizwa kwenye krediti, tofauti inakuwa maradufu. Akanieleza hadi chanzo chake: tarakimu ikihama kutoka makumi kwenda mamoja, thamani inapungua kwa mara tisa yake, kwa hiyo kosa la kugeuza haliwezi kukwepa 9.

Angeweza kubaki nayo. Ndiyo iliyomfanya ahitajiwe. Tangu siku ile hakuna aliyelazimika kunihimiza kufanya kazi.

Karibuni. Nani alikufundisha, nani alikuficha, na wewe unafanya nini na hao wanaokufuata? Majina ya watu na ya kampuni tuyaache.

Fundi wa pampu

Mkuu, mada imenigusa. Mimi nilianza chini ya fundi ambaye kila akifika sehemu ya kufungua pampu, ananituma spana. Nikirudi, amekwisha kufunga. Ilifika mahali nikawa natembea polepole makusudi, maana haraka ingenisaidia nini? Msimamizi akaandika kwamba sina moyo wa kazi.

Nilihamishiwa kituo kingine, kwa mzee mwingine. Siku ya kwanza pampu ilikuwa inalia kama imemeza changarawe. Akanipa bisibisi ndefu: ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye sikio. "Beringi ni nzima, unasikia? Sasa sikiliza upande wa maji." Akanieleza kwamba shinikizo la upande wa kuvuta likishuka mno, maji yanachemka bila moto. Vipovu vinazaliwa, vikifika penye shinikizo kubwa vinapasuka, na kila kimoja kinamega chuma cha impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji. "Kabla hujafungua chochote, kaangalie chujio na valvu ya upande wa kuvuta." Chujio lilikuwa limeziba.

Mtu yuleyule aliyeandikwa hana moyo, yaani mimi, nilianza kufika kabla ya zamu ili nizisikilize pampu kabla kelele za watu hazijaanza. Baadaye vilipoletwa vipimo vya mtetemo vinavyosomwa kwenye simu, mzee akaja kwangu mwenyewe: "Nifundishe hicho." Tukakaa. Yeye anasikia kwanza na kutabiri, mimi nasoma kipimo, tunalinganisha. Sijawahi kuipenda kazi kama kipindi kile.

Fundi mkongwe

Wanangu, naomba niseme kwa upande wetu, maana mzee anayegeuza mgongo huwa haelezi sababu.

Mkataba wangu ulikuwa ukingoni. Ofisi ikaniambia nimfundishe kijana kila ninachokijua kabla ya tarehe ya mwisho. Hakuna aliyeniambia kama baada ya hapo nitabaki au nitaondoka. Jiulizeni mtu anaingiaje karakana asubuhi hali kila anachokieleza kinamkaribisha mlangoni. Vidole vinafundisha, moyo unahesabu.

Sikumficha yule kijana. Nilimweleza waziwazi: "Wewe huna kosa, ila mimi sijaambiwa hatima yangu." Na hapa ndipo ninapowaheshimu vijana, wasemwe vyovyote. Kilipoitishwa kikao cha makabidhiano, alisimama akasema hapokei funguo za karakana mpaka mzee ajibiwe swali lake. Kijana wa mkataba wa muda, hana kinga yoyote, anasema hayo mbele ya wakubwa! Nikapewa barua ya kuendelea kama mkaguzi na mkufunzi. Mwaka uliofuata tulizungushana kwenye mashine zote, na nilimpa hata yale ambayo nisingeyakumbuka kama asingeuliza.

Kwa hiyo ukimwona mzee ananyamaza, chunguza kwanza ofisi imemwambia nini.

Muuguzi wa zamu

Nakubaliana na mzee hapo juu. Kwetu wodini kilichotutenganisha ni mfumo wa kompyuta. Ulipoingia, wauguzi wakubwa waliojua wagonjwa kwa kuwatazama tu wakawa wanaomba msaada wa kuingiza taarifa, na baadhi ya wadogo wakawa wanawajibu kwa kejeli. Kejeli ile iliharibu mengi. Mtu mzima akidhalilishwa mbele ya mgonjwa, hatakuita tena akiona jambo.

Mlezi wangu kazini alikuwa na kanuni moja: pumzi inahesabiwa dakika nzima, saa mkononi, macho kifuani, na mgonjwa asijue unahesabu kwa sababu akijua atabadilisha mwendo. Wengi wetu tulikuwa tunahesabu kidogo na kuzidisha, au tunaandika namba ya mazoea. Usiku mmoja kile kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni nzuri kabisa. Yeye akahesabu, akasema huyu anapumua haraka mno, aitwe daktari. Akaitwa, na ilikuwa lazima aitwe. Kupumua haraka mara nyingi hutangulia dalili nyingine za mgonjwa kuzidiwa, na kifaa kinaweza kupotoshwa na vidole vya baridi au rangi ya kucha, na kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali halisi.

Tulichofanya baadaye ni kuoanisha zamu. Mkubwa na mdogo pamoja, na mdogo anamfundisha mkubwa mfumo chumba cha dawa kikiwa kitupu, hakuna mgonjwa wala daktari anayeona. Hilo la faragha ndilo lililofanikisha. Mlezi wangu sasa anaandika taarifa haraka kuliko mimi, na wadogo wanahesabu dakika nzima.

Msimamizi wa wafanyakazi

Mimi nitapinga kidogo, wakuu mnivumilie.

Wapo waliofundishwa kila kitu, kwa upendo, wakaondoka mwezi uliofuata. Wapo wazee wanaofundisha vizuri ila wanachofundisha kimepitwa na wakati, na ukiwaambia wananuna. Kufichwa si chanzo cha kila kitu. Na jambo la mshahara mnalipita haraka mno. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walichapisha mwaka 1959 matokeo ya kuwahoji wahandisi na wahasibu kuhusu nyakati walizoridhika na walizochukia kazi. Walivyoeleza wao, malipo, sera na mazingira mabaya humchukiza mtu, lakini hata vikitengenezwa havimpi hamu. Hamu inatoka kwenye kazi yenyewe, kutambuliwa, kukabidhiwa jukumu. Wamepingwa tangu hapo kwa namna walivyokusanya maelezo, lakini mimi nusu ya kwanza naishuhudia kila mwezi: mshahara ukichelewa, usije na semina ya ari.

Hata hivyo hilo la wakubwa kufundishwa na wadogo nalipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1999 Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa General Electric, aliwaagiza viongozi wake wa juu wapatao 500 kila mmoja atafute mfanyakazi wa chini wa kumfundisha intaneti, naye mwenyewe akiwemo. Iliwezekana kwa sababu amri ilianza na aliye juu. Wodini mlijitahidi wenyewe; kwingine wakubwa wanawaagiza wengine wajifunze.

Mkufunzi wa saikolojia

Kwa kuwa dada msimamizi ameleta malipo, niongeze jaribio la mwanasaikolojia Edward Deci, mwaka 1971. Aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kuunganisha. Kundi moja likalipwa kwa kila fumbo walilofumbua, jingine halikulipwa. Malipo yalipoondolewa, wale waliokuwa wamelipwa walitumia muda mfupi zaidi kwenye mafumbo wakati wa mapumziko, wakati hakuna aliyewalazimisha. Katika jaribio jingine waliosifiwa kwa maneno hawakupoteza hamu hiyo. Simaanishi watu wasilipwe. Namaanisha kwamba mzee aliyemwambia fundi "unasikia?" alikuwa anamwamini, na posho haiwezi kushika nafasi hiyo.

Na kwa wazee: mwanasaikolojia Erik Erikson aliandika mwaka 1950 kwamba katika umri wa kati mtu hubanwa na haja ya kulea kinachomfuata, mtoto au kazi au mwanafunzi, na akikosa hudumaa. Nikimsoma fundi mkongwe naona wazi kwamba ofisi ile ilitaka kuchukua mafunzo yake huku ikimnyima nafasi ya kuwa mlezi. Ni ukatili, hata kama haukukusudiwa.

Binti wa mtumishi mstaafu

Kwangu mimi ni nyumbani. Baba alifanya kazi kwa mwajiri mmoja hadi pensheni. Mimi naishi kwa mikataba mifupi ya kuchora na kusanifu vitabu, nahama kila kazi inapoisha. Kwa muda mrefu kila tukizungumza ananiuliza, "Umepata kazi?" Nami nipo kazini! Nilikuwa nakata simu nikiwa na uchungu.

Kilichotubadilisha ni mkataba. Mteja alinitumia mmoja mrefu, nikamwomba baba ausome kwa sababu alishaandika barua za kiofisi maisha yake yote. Akausoma kipengele kwa kipengele, na kalamu. Akaniuliza: "Wakichelewa kulipa, imeandikwa wapi watafanya nini? Ukimaliza wakaomba marekebisho tena na tena, nani analipia?" Hakuna mwenzangu wa rika langu aliyewahi kuniuliza hivyo. Tukaongeza vipengele viwili, mteja akakubali.

Siku hizi haniulizi tena kama nimepata kazi. Anauliza, "Wamelipa?" Na mimi nikamwuliza ilikuwaje kukaa mahali pamoja muda wote ule. Kumbe alitaka kuondoka mara nyingi, akabaki kwa ajili ya ada zetu. Hakuwahi kutuambia. Nilikuwa nadhani anaipenda kazi ile, na ndiyo sababu ananidharau mimi ninayehama.

Mwandishi wa programu

Kwa ufupi. Mfumo tunaoutunza umeandikwa kwa COBOL, lugha ya kuandikia programu ya mwaka 1959, na walioujua walistaafishwa kwa mkupuo. Tukabaki tunaogopa kugusa mistari ambayo hatujui ipo kwa ajili gani. Mmoja wao alikubali kuja kukaa nasi. Msimbo tungeusoma wenyewe kwa taabu. Tulichokosa ni sababu. "Hii ipo kwa ajili ya mwaka mrefu. Hii ni kwa sababu sheria ilibadilika katikati ya mwaka." Tumeandika yote pembeni ya msimbo.

Mleta mada

Mkuu umenikumbusha hoja ya mwanasosholojia Karl Mannheim ya mwaka 1928: watu hawawi kizazi kimoja kwa kuzaliwa mwaka mmoja tu, bali kwa kupitia pamoja mambo yaliyowaunda. Fundi mkongwe na kijana wake walipita kwenye kikao kimoja. Kwangu hao wako karibu kuliko mimi na baadhi ya wenzangu tuliozaliwa mwaka mmoja.

Dada msimamizi, sikatai la mshahara. Na wanaoondoka baada ya kufundishwa wapo, mimi pia nimewaaga. Bado nawafundisha wengine ile ya 9, wiki ya kwanza.

Mgeni wa maabara

Shikamooni wakubwa. Nimeanza kazi juzi maabara. Fundi sanifu mkubwa wetu hajibu maswali, anasema "angalia tu". Nianzie wapi? Sasa hivi nimekwama na sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, inatetemeka ingawa nimepanga mirija ikitazamana, yote imejaa hadi mstari mmoja.

Fundi mkongwe

Marahaba mwanangu. Kwanza, usimuulize mbele ya bosi. Pili, usiende na "hii inafanywaje?" Nenda na ulichojaribu, mwonyeshe ulipoishia, muulize yeye hapo angefanya nini. Mtu aliyezoea kuulizwa na wavivu anamtambua aliyehangaika.

Kuhusu mtetemo: umeipima mirija kwenye mizani, au umetazama mstari tu? Mashine inayozunguka haijui ujazo, inajua uzito. Sampuli mbili zikifika mstari mmoja na moja ni nzito kuliko nyingine, itatetemeka. Zipime, andika tofauti, kisha mpelekee karatasi hiyo kabla hujaiwasha tena.