Tupeane uzoefu: nyongeza ya mshahara iligawanywaje kazini kwenu?

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba tusimuliane namna nyongeza ya mshahara inavyogawanywa makazini, kwa kuwa naamini wengi tumeumia kimya kimya.

Naanza na langu. Mwaka 2019 nilikuwa mhasibu msaidizi katika kampuni binafsi jijini Dar es Salaam, nikikaa meza jirani na kaka mmoja mwenye cheo kama changu. Mwezi Januari nilipewa barua ya nyongeza ya asilimia 4, yenye onyo kwamba ni siri, nami nikashukuru. Siku chache baadaye nilikuta orodha ya mishahara imeachwa kwenye printa, karatasi bado ina joto, nikasoma kwamba mwenzangu, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufunga hesabu za mwezi, ameongezewa asilimia 15. Nilipomwuliza meneja kigezo kilichotumika, alinijibu kwamba yule ana familia. Ni kweli sikuwa nimeolewa, lakini nilikuwa nasomesha wadogo zangu wawili, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri achukue hatua ili wanaume na wanawake walipwe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Wakati ule sikukijua, na jambo hilo linanisikitisha hadi leo.

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu, Mbeya

Pole sana, dada yangu. Kwetu serikalini viwango viko wazi, lakini taarifa ndiyo hupotea njiani. Mei 2022 ilipotangazwa asilimia 23.3, chumba kizima cha walimu tulipiga hesabu ubaoni, kila mmoja kwa mshahara wake. Julai ilipofika, ongezeko langu halikufika shilingi 20,000, kwa kuwa asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, na kadiri mshahara ulivyokuwa mkubwa ndivyo ongezeko lilivyopungua. Sipingi wa chini aongezewe zaidi, maana naye ananunua unga kwa bei ile ile ninayonunua mimi. Niliumia kwa sababu tulikuwa tumeachwa miezi miwili tukiamini hesabu zetu za ubaoni, na mimi nilikuwa nimeshamwahidi fundi fedha za bati.

Mchangiaji wa pili, msimamizi wa kiwanda, Morogoro

Mimi nimekaa upande wa pili wa meza. Nilikabidhiwa fungu la kuwagawia watu 11, na nakiri kwamba mwaka wa kwanza nilimwongezea zaidi fundi aliyetishia kuhama, huku mama mmoja asiyewahi kulalamika, na ambaye mashine yake haikuwahi kusimama kwa uzembe, nikimpa kiasi cha chini kabisa. Alisaini barua yake, akasema ahsante, akarudi kazini, na mimi ndiye nilishindwa kumtazama usoni. Mwaka uliofuata nilibandika vigezo ukutani miezi mitatu kabla, pamoja na uzito wa kila kimoja, na nikamwonyesha kila mtu alama zake kabla sijazipeleka kwa uongozi. Kijana mmoja alikuja na daftari lake la mahudhurio kunionyesha kwamba nilimhesabia siku nne za utoro alizokuwa hospitali kwa ruhusa. Tulizikagua pamoja, nikafuta, nikaandika upya.

Karibuni wengine.