Naomba ushauri: kufundisha kitenzi "grasp"
Habari zenu ndugu. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, na kitenzi grasp kinanipa kazi. Maana ya kukamata kwa mkono, "grasp the rope", wanaipata upesi. Hata "grasp the idea" haiwasumbui, kwani hata sisi husema mwanafunzi mwepesi anashika haraka. Shida wanapeleka kila kushika huko: kushika njia wanaandika "grasp the road", kushika dini "grasp religion". Kiingereza hakiendi hivyo, lakini watoto wanafikiri vizuri kabisa, na sitaki kalamu nyekundu iwavunje moyo. Walimu wenzangu, mnaanza na sentensi nyingi za mfano, au mnawaonyesha mipaka mapema? Mazoezi gani yamewasaidia wanafunzi wenu?