Naombeni ushauri, mdogo wangu anataka tuangalie wote hii muvi

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu ana miaka 19, tumekulia kanisani wote, sasa ameniomba tuangalie muvi ya Marekani ya 2015 inaitwa Henry Gamble's Birthday Party, ya mwongozaji Stephen Cone. Nimeitangulia kuiangalia kimyakimya. Inamhusu Henry, mtoto wa kiume wa mchungaji, anatimiza miaka 17, stori nzima ni siku moja tu, pati ya kwenye bwawa la kuogelea, vijana wa kanisani na wasio wa kanisani wamechanganyika, na yeye anavutiwa na rafiki yake wa kiume ila hasemi, na kumbe hata wazazi wana mambo yao wanayaficha. Hakuna adui wala mahubiri marefu, watu wanatazamana tu weee (mimi mpenzi wa ngumi nilisinzia kidogo) ila inakuingia.

Sasa nahisi dogo ana kitu anataka kuniambia, au labda ni maswali ya imani tu, sijui. Nimuulize mwenyewe baada ya muvi au ninyamaze mpaka aanze yeye? Sitaki ajione yuko kwenye kikao cha wazee. Waliowahi kukaa na ndugu kwenye hali hii mlianzaje maongezi? Na wa kuja kutukana apite tu.